Kifungu Nilichokiomba Kifutwe

Aliyeniambia kwamba ni mimi ni karani wa kamati, Jumanne, saa nne asubuhi, kwenye korido ya jengo la Bunge, mbele ya mlango ulioandikwa Choo cha Wageni. Alikuwa amekumbatia mafaili kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa mwenzake.

"Bibi, aliyeomba kifutwe ni wewe," alisema.

"Kipi?"

"Hicho hicho unachokiulizia."

Nikamwambia arudie. Akarudia vilevile, kwa sauti ileile, kama anayemsomea mgonjwa namna ya kumeza vidonge.

Aliyelishika gazeti leo bila kusoma ya nyuma asihangaike, nitamfikisha upesi.

Mimi natengeneza sabuni ya miche. Naishi chumba kimoja na kibaraza cha nyuma, pamoja na mzee wangu, yaani mume wangu, ambaye upande wa kushoto wa mwili ulimgomea miaka miwili iliyopita. Mafuta nayapika kibarazani, lakini sabuni ikishamwagwa kwenye mbao lazima iingie ndani, ikauke polepole isije ikapasuka. Kwa hiyo sabuni na mzee wanalala chumba kimoja. Hiyo ndiyo riziki yetu, hatuna nyingine.

Serikali ikaleta muswada wa sabuni. Kifungu cha kumi na nne kilisema sabuni ya kuuzwa isitengenezwe wala isikaushwe katika chumba wanacholala watu. Kilichofuata, cha kumi na tano, kilitupa pumzi: katazo hilo lisimguse anayetoa chini ya miche mia tatu kwa wiki. Umoja wetu una wanawake arobaini na mmoja, na hakuna anayefika mia tatu.

Muswada ulikuwa na kurasa hamsini na mbili. Mimi niliachia darasa la tatu, na si peke yangu. Mwenyekiti wetu akatoa wazo ambalo wote tulilipenda: kila mtu alee kifungu kimoja. Ukikariri, ukilinde kama ni kizuri, ukipinge kama ni kibaya, na kila mkutano utoe habari zake.

"Mtoto wako anaendeleaje?"

"Mzima. Hajaguswa."

Tukaacha hata kuitana kwa majina. Mimi nikawa Kumi na Nne. Mjane anayekaa nyuma ya mashine ya kusaga akawa Kumi na Tano. Kuna mama mmoja alilea kifungu cha ishirini na sita, cha tafsiri ya maneno, akawa anatamba kwamba mtoto wake ndiye msomi.

Wiki iliyopita nilieleza jinsi muswada ulivyorudi ukiwa na katazo lakini hauna msamaha. Nilieleza pia jinsi tulivyomfukuza Kumi na Tano. Kilichopotea kilikuwa mikononi mwake. Tena siku ya kutoa maoni alisimama mbele ya kamati akasifu kifungu cha kututoza faini, tukasikia wote kwa masikio yetu. Tukasema amenunuliwa. Nami mkono niliunyoosha.

Jumanne hiyo nilitumwa Bungeni nikatafute jina la mtu aliyeomba msamaha wetu ufutwe. Tulikuwa na hakika ni mwenye kiwanda.

Karani alinipeleka kwenye benchi. Akafungua faili juu ya magoti.

"Bibi, wiki moja kabla ya kikao cha maoni, kamati ilifuta kifungu cha tisa. Kile cha nembo za viwanda. Hakikuwahusu."

"Nakikumbuka. Aliyekilea alilia kidogo."

"Kikifutwa kimoja, vilivyo nyuma yake vinasogea."

"Vinasogea wapi?"

"Vinapanda. Cha kumi kinakuwa cha tisa, cha kumi na moja kinakuwa cha kumi. Namba zinabadilika zote."

Nikahesabu kwa vidole. Nilipofika kumi na nne nikasimama, nikaanza upya. Karani hakunikatiza. Ni kijana aliyelelewa.

Mtoto wangu alikuwa amekuwa kumi na tatu. Kumi na nne alikuwa ni msamaha.

Siku ile ya maoni tulipewa watu wawili na dakika tano. Mwenyekiti alituasa: taja kifungu chako, sema unachotaka, kaa chini, wakubwa hawapendi hadithi. Nilifanya mazoezi miezi miwili, nikikoroga mafuta. Kiongozi wa kamati aliposema, "Kifungu cha kumi na nne, kuna maoni?" niliinuka kabla hajafunga mdomo.

Karani alikuwa na taarifa rasmi. Akaniwekea kidole penye jina langu, akasoma.

"Kifungu hiki kinatuua. Tunaomba kifutwe chote, kisibaki hata nukta."

Halafu akasoma mstari wa chini. Mjumbe mmoja alisema mama ameongea kwa ufupi, na sisi tuwe wafupi, kifutwe. Kisha pameandikwa kwenye mabano: makofi.

"Hata makofi mnaandika?"

"Yote, bibi."

Niliyakumbuka yale makofi. Nilirudi nyumbani nayo, nikamsimulia mzee.

"Na mwenzangu? Aliyesifu faini?"

"Yeye alikuja kukitetea kifungu chake cha kumi na tano, sivyo? Siku hiyo kumi na tano ilikuwa ni faini. Akasema tunakipenda, kisiguswe." Karani akafunga faili. "Kusema kweli, maoni yenu ndiyo pekee yaliyokubaliwa yote. Hata wenye viwanda hawakupata hivyo. Nilidhani mmefurahi."

Sikusikia chochote moyoni. Ulikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha: unauona, ni wako, lakini hauna habari na wewe.

"Mngetuambia," nilisema.

"Tuliwaambia. Jedwali la marekebisho nililileta mwenyewe siku tatu kabla." Akatoa daftari la kupokelea barua, akafungua mbele, akarudi nyuma. Ile saini naijua. Ina mkia mrefu kama kamba ya mbuzi. Ni ya Mwenyekiti wetu.

Nikamuuliza kama kifungu kilichofutwa hurudi.

"Alhamisi muswada unasomwa mara ya mwisho. Kamati inakaa kesho jioni. Umoja wenu ukiandika kwamba mlikosea, na maneno ya yule aliyesema, na muhuri wenu, nikaipata kabla ofisi haijafungwa kesho saa kumi na nusu, nitaiweka mezani. Siahidi zaidi ya kuiweka mezani."

"Na bila muhuri?"

"Bila muhuri ni barua ya bibi mmoja."

Nikamshukuru. Nikamuuliza mlango wa kutokea uko wapi, katika jengo ambalo nimeingia na kutoka kila Jumanne kwa miezi minne.

Mwenyekiti nilimkuta uani kwake anakata sabuni kwa waya. Ana namna yake: anapitisha waya bila kutazama, na miche inatoka sawa kama imepimwa. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Waya haukusimama.

"Kaa, dada," alisema nilipomaliza.

"Sikai. Umesikia nilichosema?"

"Nimesikia. Nilijua."

"Ulijua lini?"

"Jioni ileile ya kikao. Nilikuwa natafuta nauli kwenye mkoba, nikalitoa lile jedwali. Siku wanaleta niliona mistari na namba, nikajua ni ratiba ya viti. Jioni ndiyo nikalisoma vizuri."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Tukamfukuza mtu."

"Tulimfukuza."

"Na mkono wako ulikuwa juu."

Hapo ndipo alipoushusha waya. "Wa kwako ulitangulia, dada. Ulikaa mstari wa mbele."

Ni kweli, nilikaa mstari wa mbele.

Nikamwomba muhuri. Akaanza kupanga miche kwenye chano, minne minne, huku akinieleza kama anayemweleza mtoto kwa nini haendi sherehe. Barua ikienda, kamati itauliza jedwali lilipelekwa kwa nani. Wanachama wakijua, umoja umevunjika siku hiyohiyo. Umoja ukivunjika, hata sheria nyingine ikija hatuna mdomo.

"Bora waseme mmoja wetu alinunuliwa," alisema. "Hilo linasameheka. Wakisema viongozi wao hawasomi, nani atakuja tena mkutanoni?"

"Na kifungu?"

"Kifungu kimekwenda. Wewe ndiye uliyekisindikiza."

Alisema bila ubaya. Akanifungia hata miche miwili ya mzee, nikaipokea.

Kwa Kumi na Tano nilifika saa tisa. Sufuria lake kubwa lilikuwa limefudikizwa mlangoni na kuku amepanda juu. Tangu tumfukuze alikuwa hajapika, kwa sababu mafuta tunanunua kwa pamoja, na aliye nje ya umoja hauziwi.

"Umekuja kwa miguu yako au umetumwa?" alisema.

"Kwa miguu yangu."

"Basi pumzika, maana hiyo miguu si ya kuchezea."

Nikamweleza. Alikuwa anachambua nguo za kufua za watu, nyeupe huku, za rangi kule. Nilipofika kwenye namba kusogea, alisimama na shati mkononi. Nilipofika kwenye faini, akacheka. Cheko fupi, la puani.

"Kwa hiyo niliisifu kweli."

"Uliisifu."

"Na nilivyosifu vizuri. Nikasema hiki ndicho kifungu chenye huruma." Akalitupa lile shati kwenye rundo lisilo lake. "Na wewe, mama, siku ya mkutano. Nilikuangalia. Nikasema yule ananijua, yule atasema jambo."

"Sikusema."

"Hukusema. Ulinyoosha mkono kama mtoto anayejua jibu."

Akasubiri. Neno la kuomba radhi lilikuwepo, nilikuwa nimekuja nalo njia nzima, lakini halikupanda. Nikasema badala yake:

"Nataka tuandike barua. Mkono wangu wa kuandika unaujua."

Aliwahi kuandika stakabadhi ghalani kabla ya kuolewa, mwandiko wake unasomeka hata kwa mbali. Alimtazama yule kuku. Kisha akaingia ndani, akatoka na karatasi na ubao wa kukatia, akaandika juu ya magoti.

Barua ilikuwa na sentensi tatu. Ya kwanza ilisema mimi, msemaji wa siku ile, nilikusudia katazo na si msamaha, na naomba msamaha urudishwe. Ya pili ilisema wanawake arobaini na mmoja wanategemea kifungu hicho kula. Ya tatu aliiandika polepole kuliko zote. Ilisema jedwali la marekebisho lilipokelewa na Mwenyekiti na halikufikishwa kwa wanachama, na kwamba mwanachama aliyefukuzwa kwa ajili ya jambo hili hakuwa na kosa.

Akanisomea. Nikatia saini, herufi moja moja.

"Hii ya tatu wataitaka itoke," alisema.

"Haitoki."

"Sema tena."

"Haitoki."

"Kwa sababu ikitoka, mama, mimi nitakuwa nimekuandikia barua ya kuwaokoa nyie, halafu nibaki na nguo za watu." Akaikunja mara mbili, akanipa. "Na radhi hujaniomba."

"Sijafika."

"Utafika lini?"

"Sijui. Sasa hivi sisikii kitu."

Akanitazama usoni kama anayeangalia kama mafuta yameshika moto. "Haya. Nenda na miguu yako."

Jumatano niliamka nikafanya kazi kama siku zote. Nikageuza miche, nikamgeuza mzee, nikamnywesha uji. Nilikuwa nimemweleza usiku, akasikiliza hadi mwisho bila kutia neno. Asubuhi akasema, kwa ule upande wa mdomo unaofanya kazi:

"Kumbe mwenye kosa ni mimi."

"Wewe tena umefanya nini?"

"Nalala. Ningekuwa silali, hiki chumba kingekuwa halali."

Nikamfuta mdomo. Siku nyingine ningecheka.

Sikwenda kwa karani, maana barua haikuwa na muhuri, na barua ya bibi mmoja sikuwa na haja nayo. Nilivaa viatu vya kutokea nikakaa navyo. Mzee akaniuliza nasubiri nini. Nikamwambia sijui.

Saa nane Mwenyekiti akaingia. Hakubisha, alisema hodi akiwa tayari ndani. Macho yalikuwa mekundu, na si ya kulia, ya kukosa usingizi. Alimsalimia mzee kwa adabu, akamuuliza hali ya mguu, akavuta kigoda akakaa kati ya kitanda na chaga ya kukaushia sabuni. Mkoba akaupakata.

"Iko wapi?" aliniuliza.

Nikampa barua. Akaisoma, midomo ikicheza. Safari hii alisoma mpaka mwisho, tena mara mbili.

"Ameandika vizuri," alisema. "Nilijua ni yeye. Wewe usingeweza."

"Nisingeweza."

Akafungua zipu ya mkoba, akautoa muhuri, ule wenye mpini wa mbao, pamoja na kidau cha wino. Akanionyesha, akavirudisha, akanirudishia barua.

"Nimekuja navyo. Siku tatu sijalala, dada. Naandaa mafuta usiku, nikilala nauona ule mkono wako juu na wangu nyuma yake. Nataka kifungu kirudi kama unavyotaka wewe. Toa sentensi ya tatu, nigonge, uende."

"Niliahidi."

"Umemwahidi mtu mmoja. Sisi tuko arobaini."

"Naye ni wa arobaini na moja."

"Nitamrudisha mwenyewe. Mkutano ujao, polepole, bila kelele. Nitasema tumemsamehe."

"Mtamsamehe nini?"

Mzee akakohoa kitandani, kikohozi cha kuonyesha yupo.

"Mwenyekiti," mzee akasema, maneno yakitoka moja moja, "hiyo sentensi ya tatu ni ya uongo?"

"Si ya uongo, shemeji. Ni ndefu."

"Ahaa."

"Wakiisoma wao Bungeni, kesho wataisoma wote sokoni. Mimi nitakuwa nani hapa? Nimeuongoza umoja huu miaka kumi na moja. Nilianza na wanawake sita na jiko moja." Alisema huku anatazama sabuni zangu, si mimi. "Ukikataa, siigongi. Kifungu kitakufa, na huyu mzee utamhamishia wapi? Au sabuni utaihamishia wapi? Fikiri, dada. Sikukimbizi. Nakaa hapa hapa mpaka uniambie."

"Ofisi inafunga saa kumi na nusu."

"Basi fikiri upesi."

Nikafikiri. Au nilikaa tu na barua mapajani, sitasema uongo kwenye gazeti. Wembe wa kusafishia miche, ambao hukwangua hata wino, ulikuwa kwenye kikopo, karibu. Nilitazama sentensi ya kwanza, yenye kosa langu, nikaona haina tabu, ikae. Nikatazama ya pili. Nikatazama ya tatu, na ule mwandiko ulionyooka, nikaona jinsi alivyoshindilia kalamu penye neno hakuwa.

"Mwenyekiti," nilisema.

Niliinua macho. Alikuwa ameegemea chaga, kichwa kimelalia miche ya wiki iliyopita, ile iliyokwisha kukauka. Mdomo wazi kidogo. Mkoba bado ameupakata, zipu hakuifunga, na mpini wa muhuri ulikuwa umechungulia nje. Kwa mahali nilipokaa, sikuhitaji hata kuinuka.

Saa ya ukutani ilisema tisa na robo. Kwa miguu yangu, kutoka hapa mpaka kwa karani ni zaidi ya nusu saa.

"Amelala?" mzee alininong'oneza.

"Naona amelala."

"Kweli kweli au ya uongozi?"

"Kweli kweli."

Akageuza shingo kidogo, akautazama mkoba. Kisha akanitazama mimi, muda mrefu, kama alivyokuwa akinitazama zamani tukiwa na jambo la kuamua na watoto wakiwa wanasikiliza.

"Unamsikia anavyokoroma," alisema. "Siku tatu hizo. Hata ukimgongea muhuri kwenye paji la uso haamki."

"Nyamaza, mzee."

"Nanyamaza. Mimi msinihesabu." Akafumba macho. "Mimi nimeshalala."

"Ukiulizwa?"

"Nitasema nilikuwa nimelala. Na nitakuwa sisemi uongo."

Nilijua anatania, ndiyo kawaida yake. Nikamtazama usoni nikisubiri jicho moja lifunguke, aone nitafanya nini. Halikufunguka. Pumzi yake ikawa ndefu, ikawa nzito, mkono wake mzima ukateleza ukingoni mwa kitanda ukabaki unaning'inia, na nikaelewa kwamba safari hii amelala kweli.